Okwi, mpunga na ubishi wa dirisha dogo: Simba walikosea Januari 2013?

Ukitaka kuanzisha ubishi mjini Ifakara, huhitaji siasa. Sema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba Simba walifanya sawa kumuuza Emmanuel Okwi katikati ya msimu, Januari 2013. Kabla chai haijapoa utakuwa na kambi mbili. Mmoja atakwambia pale ndipo ubingwa ulipoondoka Msimbazi, na ukakaa miaka huko ulikokwenda. Mwingine atakujibu kwamba dola 300,000 kwa kijana wa miaka 20 haziachwi mezani. Shabiki wa Yanga atawacheka wote wawili.

Zaidi ya miaka kumi imepita na kesi haijafungwa. Makala hii nayo haitaifunga. Tunachotaka, msomaji, ni kukuonyesha kwa nini haifungiki, na namna ya kubishana vizuri hata hivyo. Na kwa kazi hiyo bonde la Kilombero lina vitu viwili vinavyofaa kuliko takwimu nyingi za kwenye redio: mpunga wake, na jaribio la chanjo lililofanyika kijiji cha Idete.

Kilichotokea

Tuweke rekodi sawa kwanza. Tarehe 6 Mei 2012, siku ya kufunga msimu, Simba waliifunga Yanga mabao 5-0. Okwi, Mganda aliyetokea SC Villa, alifunga mawili. Simba walikuwa mabingwa wa 2011/12, na hakuna aliyehitaji kuambiwa nyota wa timu ni nani.

Miezi minane baadaye, Étoile du Sahel ya Tunisia ikakubaliana na Simba kumnunua kwa dola 300,000. Kwa klabu ya Afrika Mashariki wakati ule, hilo lilikuwa dau la kushtua. Ila angalia tarehe: Januari. Msimu ulikuwa nusu. Mbele kulikuwa na mzunguko wa pili wa ligi, na Ligi ya Mabingwa Afrika ilikuwa inagonga hodi.

Yaliyofuata unayajua, au babu yako anayajua. Recreativo do Libolo ya Angola iliwatoa Simba mapema: 1-0 Dar es Salaam, 4-0 kwao. Jumla 5-0, idadi ileile waliyompiga nayo mtani. Kwenye ligi Yanga wakatwaa ubingwa, Azam wa pili, Simba wa tatu. Kule Tunisia, Okwi na klabu yake mpya wakaingia kwenye mgogoro, akaruhusiwa kwenda kucheza SC Villa kwa muda, na Desemba 2013 akaibukia wapi? Yanga. Na zile dola 300,000? Hazikuingia kwa wakati. Suala likafika FIFA.

Agosti 2014 Okwi akarudi Simba. Mwaka 2015 akaenda Denmark, akarudi tena 2017. Msimu wa 2017/18 Simba walipotwaa ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 2012, mfungaji bora wa ligi alikuwa nani? Okwi huyohuyo, mabao 20.

Ukiisoma hadithi hii kwa mfululizo, hukumu inajiandika yenyewe: walimuuza, wakaporomoka, fedha zikachelewa, aliporudi wakainuka. Walikosea. Kesi imekwisha.

Taratibu. Hapo ndipo akili zetu hutuchezea.

Ubishi huu ni wa zamani

Kwanza ujue kwamba si sisi tulioanza. Februari 1905, klabu ya Middlesbrough ya Uingereza ilikuwa inanusa kushuka daraja. Katikati ya msimu ikamnunua mshambuliaji Alf Common kutoka Sunderland kwa pauni 1,000, dau ambalo halikuwahi kulipwa kwa mchezaji. Watu wakapiga kelele. Wengine waliona ni kununua binadamu, wengine waliona ni kununua nafasi ya kubaki ligi kuu. Mechi yake ya kwanza Common alifunga kwa penalti, Middlesbrough wakashinda ugenini kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka miwili, na mwisho wa msimu hawakushuka. Mwaka 1908 wakuu wa soka la Uingereza walijaribu kuweka kikomo cha pauni 350 kwa kila uhamisho. Kikomo hicho hakikumaliza hata mwaka.

Upande wa pili wa bahari, Marekani, mchezo unaopendwa ulikuwa besiboli. Julai 1922 timu ya New York Yankees ilimchukua Joe Dugan kutoka Boston wakati inafukuzana na St. Louis kileleni. Yankees walimaliza mbele kwa ushindi mmoja tu. Mashabiki wa St. Louis walikasirika kweli: mwenye pesa amenunua ubingwa mbio zikiwa zimeshaanza! Kuanzia 1923 ikawekwa tarehe ya mwisho ya kubadilishana wachezaji kwa uhuru, 15 Juni.

Kwa hiyo dirisha la usajili ni mtoto wa ubishi wa mashabiki. Soka la dunia nzima lilifungwa kwenye madirisha mawili kwa mwaka kuanzia msimu wa 2002/03, chini ya FIFA: moja refu baina ya misimu, na moja fupi katikati, ambalo sisi tunaliita dirisha dogo. Lengo ni lilelile la 1923. Timu iliyoanza mbio na ile inayomaliza zisiwe timu mbili tofauti.

Ila dirisha likifupishwa, uamuzi nao hufupishwa. Unaamua haraka, kwa taarifa ulizonazo, mambo ya mbele huyaoni. Na hapo mkulima wa Kilombero anaelewa kuliko mchambuzi yeyote.

Kuuza mpunga ukiwa shambani

Januari bondeni ni mwezi mgumu. Mpunga wa msimu uliopita umepungua ghalani. Mpya ndiyo kwanza unapandwa au unapaliliwa, na mavuno yako mbali, kuanzia Mei kwenda Julai. Wakati huohuo shule zinafunguliwa: sare, madaftari, michango. Anakuja mfanyabiashara na fedha mkononi. Anasema, niuzie magunia kadhaa ya mpunga ulio shambani, nikulipe leo, utanipa ukivuna. Bei yake ni ya chini, wote mnajua. Biashara ya namna hii haiko Ifakara peke yake. Kagera, kwenye kahawa, wanaiita butura.

Chukua mkulima mmoja, tumwite Mama Neema, jina la mfano tu. Anauza magunia matano kwa bei ya chini. Machi mto Kilombero unafurika na kulala juu ya mashamba, mavuno ya jirani zake yanaharibika. Kijiji kizima kinasema: mama yule ana akili! Sasa rudisha saa nyuma. Mama yuleyule, magunia yaleyale, bei ileile, ila mto umekaa kwenye kingo zake na bei ya sokoni imepanda. Kijiji kinasema: alidanganywa kama mtoto.

Uamuzi haujabadilika hata chembe. Aliyoyajua siku ya kuuza ni yaleyale. Kilichobadilika ni mto. Je, akili ya Mama Neema inaweza kutegemea mvua iliyonyesha miezi miwili baada ya yeye kuamua?

Wanaosoma sayansi ya maamuzi wanalitaja kosa hili kila mara: tunaupima uamuzi kwa matokeo. Uamuzi mzuri unaweza kuzaa matokeo mabaya, na wa hovyo unaweza kubebwa na bahati. Njia ya haki ni kuuliza: siku ile, kwa waliyoyajua, na kwa njia nyingine walizokuwa nazo, walichagua vipi?

Nyota huuzwa anapong'aa

Kuna jambo la pili, na hili linawachanganya hata wasomi. Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton alichapisha vipimo vya urefu wa wazazi na watoto wao. Akaona wazazi warefu kupita kiasi huzaa watoto warefu, ndiyo, lakini kwa kawaida wasiofikia urefu ule. Wazazi wafupi sana nao huzaa watoto wanaowazidi kidogo. Hakuna aliyerogwa. Kila kipimo kilicho juu mno kina sehemu ya asili ya mtu na sehemu ya bahati, na bahati haihamii kwenye kipimo kinachofuata. Hali hii tuite kurejea wastani.

Sasa fikiria: mchezaji huuzwa lini? Akiwa kwenye kilele. Hakuna anayepanda ndege kutoka Sousse kuja kumfuata mtu aliyekaa benchi. Kwa hiyo wanaouzwa ghali wamechujwa kwa kuwa na msimu wa ajabu, na msimu wa ajabu ni uwezo pamoja na bahati. Msimu unaofuata bahati inarudi kwa wenyewe, nasi tunasema ameshuka, au kuna mtu kamfanyia kitu.

Simba wenyewe waliona tena. Agosti 2021 walimuuza Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri, wote wakiwa wa moto. Chama alirudi Msimbazi dirisha dogo la Januari 2022. Miquissone naye hakuota mizizi Cairo, na mwaka 2023 akarudi. Lakini usikimbilie kusema wote hushuka. Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, na Januari 2016, katikati ya msimu wa Ulaya, akaenda Genk ya Ubelgiji na kuwa bingwa huko 2019. Kurejea wastani hakusemi nani atashuka. Kunasema usimpime mtu kwa kipande kifupi kilichong'aa.

Idete walivyotufundisha

Hapa bondeni somo hilo lilishafundishwa, na wanafunzi wake walikuwa watoto wadogo.

Ifakara ina taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi. Miaka ya 1990 mwanzoni, dunia ya malaria ilikuwa na nyota wake: chanjo iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Majaribio ya Amerika Kusini yalikuwa yameleta namba za kutia moyo. Swali likawa: itacheza vipi Afrika, ambako mbu hawapumziki?

Jaribio likafanyika Idete, si mbali na Ifakara. Watoto 586, wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Wazazi wakakubali, kwa matumaini ambayo mzazi yeyote aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa atayaelewa. Nusu ya watoto walipata chanjo, nusu walipata sindano isiyo na chanjo, na kura ndiyo iliyoamua nani apate ipi. Matokeo yalichapishwa 1994: chanjo ilionekana kupunguza homa za malaria kwa asilimia 31.

Habari njema. Lakini watafiti waliandika pia wigo wa makadirio yao: ukweli ungeweza kuwa popote baina ya karibu sifuri na asilimia 52. Kwa lugha ya kijiweni: huyu mchezaji amefunga, ila mechi ni chache, tusimwage sherehe. Walikuwa sahihi kusema hivyo. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand, 1995 na 1996, hayakuona kinga. SPf66 ikawekwa benchi, haikurudi. Bara hili lilisubiri hadi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo ya malaria kwa watoto, nayo ilikuwa nyingine, RTS,S.

Je, jaribio la Idete lilikuwa kosa? Hapana hata kidogo. Kwa yaliyojulikana siku ile, kulijaribu ndiyo kulikuwa sahihi, na kulijaribu kwa namna ya kupata jibu.

Angalia siri ya jibu hilo: nusu ya watoto waliokosa chanjo. Wanasayansi huwaita kundi la ulinganisho. Bila wao, mvua zikichelewa na mbu wakapungua, chanjo ingepewa sifa za mvua.

Hapo ndipo kesi ya Okwi inapokwama milele. Hakuna kundi la ulinganisho. Hatuna msimu mwingine wa 2012/13 ambao Okwi alibaki, ili tuone kama Libolo wangepita au kama Yanga wangekosa ubingwa. Pengine angebaki na kuumia goti Februari. Pengine angefunga mabao kumi. Kila kambi kijiweni inacheza mechi hiyo kichwani mwake, na kila kambi inashinda.

Kesi ya Detroit

Wamarekani wana mfano wanaoupenda, na ni wa katikati ya msimu kama wetu. Kwenye besiboli mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, na mrushaji mzuri anaweza kubeba timu. Agosti 1987 Detroit Tigers, wakiwa kwenye mbio za ubingwa wa kanda yao, walimchukua mrushaji mzoefu Doyle Alexander kutoka Atlanta. Walimtoa kijana wa miaka 20 aitwaye John Smoltz.

Alexander aliporusha kwa Detroit mwaka ule, alihesabiwa ushindi mara tisa na hakuhesabiwa kipigo. Detroit wakatwaa ubingwa wa kanda, ingawa baadaye walitolewa na Minnesota. Smoltz? Akawa mmoja wa warushaji wakubwa wa kizazi chake, bingwa na Atlanta 1995, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo.

Detroit walikosea? Ukiuliza Oktoba 1987, hapana. Ukiuliza 2015, ndiyo, tena sana. Karatasi waliyotia saini ni ileile. Jibu linategemea unauliza lini, na swali ambalo jibu lake hubadilika na kalenda halifai kumhukumia mtu.

Basi tuwahukumu kwa nini?

Hatusemi kila uamuzi ni sawa na viongozi wasiulizwe. La! Tunasema waulizwe yale yaliyokuwa mikononi mwao. Kwa kesi ya Okwi, hayo ni matatu.

La kwanza, bei. Dola 300,000 kwa soko la wakati ule zilikuwa nyingi, na nyota aliye kwenye kilele huuzwa kilele kisipite. Hapa ni vigumu kuwalaumu.

La pili, wakati. Unauza mshambuliaji wiki chache kabla ya mashindano ya Afrika. Ana mbadala? Mkulima anayeuza gunia la mwisho Januari lazima ajue watoto watakula nini Aprili. Hili lilijulikana siku ile, halikuhitaji mganga, na lawama hapa ni ya haki.

La tatu, malipo. Hili ndilo ambalo vijiweni linapita haraka, wakati lilistahili kuwa la kwanza. Mchezaji aliondoka, fedha hazikuja kwa wakati. Wakulima wa Ifakara hawahitaji mhadhara hapa. Mwenye lori akisema nipakie magunia, nitakutumia nikishauza Dar, unamjibu nini? Unaangalia historia yake, unataka sehemu mkononi, unaandikishiana mbele ya mashahidi. Bei nzuri ya deni inaweza kuwa mbaya kuliko bei ya kawaida ya taslimu. Sharti la kulipwa kwanza lingeweza kuwekwa Januari 2013, kabla mtu yeyote hajafungwa na Libolo.

Ona basi jinsi lawama ilivyohama. Kambi zote mbili zimekuwa zikibishania mabao ambayo Okwi hakuyafunga, jambo lisilo na jibu, huku lenye jibu likikaa pembeni: mkataba ulisema tulipwe lini, na ilikuwaje aondoke kabla?

Dirisha dogo lijalo, nyota wenu akitajwa kwamba anaondoka, andika kwenye daftari siku hiyohiyo unachokijua: bei, mbadala, namna ya kulipwa, na maoni yako. Weka tarehe. Mwezi wa sita, mavuno yakiwa ndani na ligi ikiwa imekwisha, lifungue. Utashangaa ni mambo mangapi ambayo leo unaapa uliyajua tangu mwanzo hayamo kwenye karatasi. Na ukishazoea kwa mpira, jaribu na mpunga.